Mjomba anataka nisomee biashara, moyo wangu uko kwenye bustani

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Mtama, mkoa wa Lindi. Nilisoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, nikamaliza kidato cha sita, nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria, kisha nikakaa nyumbani mwaka mmoja kumuuguza mama. Sasa ameshapata nafuu. Mwaka huu niliomba vyuo na nimepata udahili sehemu mbili. Moja ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, shahada ya kilimo cha bustani, ile wanayoiita hotikalcha. Nyingine ni chuo kimoja pale Mtwara, shahada ya usimamizi wa biashara. Natakiwa nithibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa, na usiku silali.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo aliyetubeba ni mjomba, kaka yake mama. Sisi ni Wamwera, na unajua kwetu mjomba ni nani. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye korosho zake, na sasa anawasomesha wadogo zangu wawili. Hata kipande cha bondeni nilichokuwa nalima ni cha ukoo wa mama, na wa kusema nani alime wapi ni yeye.

Mwaka ule wa kukaa nyumbani nililima robo eka pembeni mwa Mto Lukuledi. Nyanya, bamia na chainizi. Mvua zilipokatika nikawa namwagilia kwa ndoo, baadaye jirani akaniazima pampu. Nyanya za kwanza zilikubali mpaka watu wakawa wanakuja kuzitazama. Lakini siku niliyozipeleka sokoni Lindi nilikuta fuso limeshusha mzigo wa nyanya kutoka Iringa. Dalali akanitajia bei ya tenga ambayo haikurudisha hata hela ya dawa na nauli. Zilizofuata niliwauzia wachuuzi pale Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Masasi, nikapata faida kidogo. Nikapanda tena. Hapo ndipo kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akaingia. Mwenye duka akanipa dawa, nikapuliza. Akanipa nyingine, nikapuliza. Majani yakaungua, matunda yakatobolewa, nikang'oa.

Nilipokuwa nang'oa ile miche ndipo nilipotaka kusomea mambo haya mpaka mwisho. Nataka kujua kwa nini dawa haikufanya kazi. Nataka siku moja niwe na vitalu vya miche bora, niwauzie watu wa Lindi na Mtwara, tuache kungoja fuso la Iringa.

Nilipomwambia mjomba, alijibu, "Mchicha hausomewi. Bibi yako alilima mchicha na hakujua kuandika jina lake." Anataka nisomee biashara hapo Mtwara, nikae kwa binamu yake, nikimaliza nisimamie duka lake la pembejeo na hesabu za korosho. Anasema ada yote atalipa yeye. Nikienda Morogoro, nijue mwenyewe. Akanipa mfano wa mtoto wa rafiki yake aliyehitimu kilimo, ambaye leo anaendesha bodaboda Lindi mjini.

Mama hasemi kitu. Nikimuuliza ananijibu, "Mjomba wako ndiye mwenye neno." Rafiki yangu ananiambia nithibitishe SUA kimyakimya, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi utanibeba, mjomba atazoea. Mkopo nimeomba lakini majibu bado, na nasikia unaweza kupewa nusu au chini ya hapo.

Ninachohofia zaidi ni wadogo zangu. Nikimvunjia mjomba heshima, ada zao zitatoka wapi? Na kinachonichanganya ni kwamba mjomba hakosei kila kitu. Bei ndiyo iliyoniangusha kwanza, kabla ya mdudu. Labda biashara ndiyo niliyopungukiwa. Au labda hata chuo chenyewe hakihitajiki, nirudi bondeni na mtaji kidogo.

Naomba unisaidie, mama.

Binti wa bondeni, Mtama

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza mama, na hongera kwa kufaulu. Binti aliyepata udahili vyuo viwili akiwa ametoka kung'oa nyanya zake mwenyewe ana jambo la kujivunia, hata kama kwa sasa hulioni.

Barua yako inauliza uthibitishe chuo gani. Lakini nikiisoma vizuri, nusu yake inamzungumzia mjomba. Yeye ndiye ada, yeye ndiye ada za wadogo zako, na yeye ndiye bonde. Kwa hiyo unalo swali la masomo na unalo swali la undugu, na yamefungwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja, jingine linakaza. Niruhusu niyafungue, kila moja kwa wakati wake.

Nianze na nyanya zako, kwa sababu naona zimebeba mengi kuliko unavyodhani.

Unasema bei ilikuangusha kwanza, mdudu akafuata, na kutokana na hayo umegawa dunia pande mbili: bei ni ya biashara, mdudu ni wa kilimo. Hebu tutazame. Nyanya huvunwa siku kama 75 hadi 90 baada ya kupandikizwa, kutegemea mbegu, na kabla ya hapo miche hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne. Mikoa yetu hii ina msimu mmoja wa mvua, na fedha za korosho huanza kuingia mifukoni kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Mtu akisia mbegu mwezi wa saba, akapandikiza mwezi wa nane, anaanza kuchuma wakati ambao nyumba nyingi zina hela ya kitoweo na kiungo. Sasa niambie wewe, swali la "nisie mbegu lini?" ni la bustani au la biashara? Mimi nimeshindwa kuliweka upande mmoja.

Na kantangaze je? Huyu ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na alionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014, kule kaskazini. Funza wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, ndiyo maana dawa ya kupuliza juu humpata kwa shida, na dawa nyingi ameshazizoea. Wanaomweza hutumia mitego yenye harufu ya jike inayowanasa madume, husafisha masalia shambani, na huzungusha mazao wakijua kwamba nyanya, bilinganya na viazi mviringo ni ukoo mmoja, kwa hiyo kupanda kimoja baada ya kingine ni kumwandalia chakula. Hiyo ni elimu ya bustani, na inafundishika. Lakini mwenye duka aliyekuuzia dawa ya pili baada ya ya kwanza kushindwa, huyo alikuwa anafanya biashara. Angekuwa na elimu ya mimea, pengine asingekuuzia. Nawe umeambiwa ukasome biashara ili usimamie duka la namna hiyohiyo. Sisemi duka la mjomba ni baya, hata kidogo. Nasema mtu anayeuza pembejeo bila kujua mdudu anaishije, mteja wake hurudi mara moja tu.

Ndiyo maana nakuomba usilione jambo hili kama njia mbili zinazoachana moja kwa moja. Mazao ya bustani hayangoji kama korosho iliyokaa ghalani kusubiri mnada. Yanaoza. Anayelima nyanya bila hesabu atazitupa, na anayezihesabu bila kujua kuzilima hatakuwa na cha kuhesabu. Chuo chochote utakachochagua, nusu iliyobaki utaitafuta mwenyewe. Swali ni ipi ni rahisi kwako kuipata nje ya darasa.

Ukienda Morogoro utapata mimea. SUA imekuwa chuo kikuu kamili tangu 1984, na kilimo ndicho kilichoizaa. Utasoma udongo, magonjwa, wadudu, uzalishaji wa miche, utunzaji wa mazao baada ya kuvunwa. Shahada za kilimo nchini kwa kawaida hubeba pia masomo ya uchumi wa kilimo na masoko, kwa hiyo omba mtaala uone mwenyewe ni mangapi. Pale pale kuna shahada ya uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo, ambayo hukuitaja. Sijui kama uliifikiria. Wapo pia wahitimu waliojiunga katika ushirika wao wa wajasiriamali, SUGECO, unaowafundisha vijana kilimo kama kazi ya kulipa. Lakini nikuonye kwa upendo: shahada ya bustani si kushinda bustanini. Kuna kemia, kuna takwimu, kuna saa ndefu za maabara. Wengi wanaohitimu huwa maofisa ugani au wauzaji wa kampuni za mbegu, na hawarudi tena kushika jembe. Jiulize kama hilo ungelipenda pia, au unachopenda ni bonde lenyewe.

Ukibaki Mtwara utapata vitabu vya hesabu, gharama, mikopo, mikataba, namna ya kusimamia watu. Hayo yangekusaidia siku ile dalali alipokutajia bei. Ungekuwa umeshajua gharama ya kila tenga, na ungejua kama ni heri kuuza, kusogea hadi soko jingine, au kurudi nazo. Mimea hutafundishwa. Ila Mtwara si jangwa la kilimo. Pale Naliendele kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuna chuo cha kilimo cha serikali, MATI Mtwara. Mwanafunzi wa biashara mwenye miguu myepesi anaweza kwenda kuuliza, kujitolea, kuhudhuria mafunzo mafupi. Na kila Agosti maonyesho ya wakulima, Nanenane, ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, hapo Lindi, wataalamu wakiwa wamesimama wanangoja kuulizwa. Hatari ya njia hii naiona kwenye mwandiko wako: kwamba duka litakumeza. Utamaliza shahada, utapewa funguo, na bonde litakuwa jambo la "nikipata nafasi".

Umetaja pia kuacha chuo na kurudi shambani. Usilifukuze wazo hilo upesi, wala usilikumbatie kwa sababu umechoka kubishana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na wewe ungeweza kuingia kwa ujana au kwa uanamke kupitia kikundi. Au stashahada ya kilimo, ambayo haikuchukulii muda wala fedha kama shahada. Lakini tusemezane kweli kama mama na binti. Msichana wa miaka 21 aliye nyumbani bila chuo, huku kwetu, posa hazikawii kubisha hodi. Kama ndoa ni jambo unalolitaka sasa, ni heri. Kama silo, mwaka wa kungoja unaweza kuamuliwa na watu wengine.

Sasa mjomba.

Uliponukuu maneno yake, "mchicha hausomewi", nilisikia dharau kama wewe ulivyoisikia. Nikarudia kusoma, nikasikia woga. Huyu ni mtu aliyesomesha watoto wa dada yake kwa korosho, na anajua korosho zilivyo. Waliokuwa na watoto vyuoni msimu wa 2018/2019 hawajasahau: wanunuzi binafsi walipokwama, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo kwa wakulima wengi yakachelewa kwa sababu ya uhakiki. Ukiwa umebeba familia mbili juu ya zao moja la namna hiyo, utataka mtoto wako asomee kitu kisichotegemea mvua wala mnada. Kwake, "biashara" ni usalama. Huenda hajui kabisa unachokwenda kusoma Morogoro. Anaona mchicha.

Je, umewahi kuzungumza naye kuhusu mikorosho yake? Kwa sababu mkorosho na mwembe ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea, na anayesomea bustani anasomea miti ya matunda pamoja na mboga. Kubebesha miche, kupogoa, kuondoa mikorosho mizee na kupanda iliyoboreshwa, kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga kwa kujua salfa ipulizwe lini na kiasi gani, yote hayo ni kazi ya mtu wa bustani. Hata mabibo yanayooza chini ya miti kila msimu, tukiacha yale yanayotengenezewa pombe ya uraka, ni matunda yanayomngoja mtu mwenye elimu ya kusindika. Mjomba anafikiri unataka kuacha mali yake uende kwenye mboga. Labda hajaambiwa kwamba unachotaka kusomea kinaweza kurudi chini ya mikorosho yake.

Kuhusu yule kijana wa bodaboda, usimdharau, na usimkubali kuwa ushahidi wa mwisho. Hatujui kwa nini anaendesha. Inawezekana alikosa ardhi, au mtaji, au anakusanya huo mtaji sasa hivi juu ya pikipiki. Wahitimu wa biashara nao wapo mitaani. Tofauti yako na yeye ni kwamba wewe una bonde lenye maji, na hilo bonde, kwa mila zetu, linapitia kwa mjomba huyohuyo. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako, wa kuthibitisha kimyakimya, naelewa umetoka wapi, lakini uupime kwa mizani hii: unaweza kuipata shahada ya bustani na ukaikosa bustani. Pia unaweza kutii kimyakimya, ukamaliza biashara na kinyongo moyoni dhidi ya mtu aliyekulea. Kimya cha namna zote mbili kina gharama.

Umesema unahofia ada za wadogo zako. Yeye alitamka kwamba atawaacha? Katika barua yako amesema "nijue mwenyewe" juu yako wewe, hakusema juu yao. Inawezekana umebeba tishio ambalo hajalitoa. Lakini usilikisie. Uliza. Usimuulize mbele ya watu, wala siku anayotoka kwenye kikao cha chama cha msingi cha ushirika ametibuka. Mfuate asubuhi, ukiwa na mama, na kama bibi yupo au mjomba mkubwa anayemheshimu, mwombe akae nanyi. Usiende kuomba ruhusa wala kutangaza uamuzi. Nenda na maswali: "Mjomba, nikisoma biashara, utanipa bonde nilime? Nikisoma bustani, wadogo zangu wataendelea? Kama ada ya Morogoro huiwezi, kuna sehemu unayoweza?" Na wewe uwe tayari kusikiliza jibu ambalo hukulitegemea, ikiwemo kwamba hali yake ya fedha ni mbaya kuliko unavyojua.

Mama naye usimsome vibaya. Kusema "mjomba wako ndiye mwenye neno" si lazima kuwe kukukana. Ni kaka yake, na ndiye aliyesimama naye mume alipofariki. Anaweza kuwa na maneno ambayo hawezi kuyasema mbele yako kwa sababu yatakuwa ya upande mmoja.

Neno kuhusu mkopo. Mzazi aliyefariki ni jambo ambalo Bodi huliangalia, kwa hiyo hakikisha cheti cha kifo cha baba kimeambatishwa na kimehakikiwa. Hata hivyo, usipange maisha ya Morogoro juu ya asilimia ambayo hujaiona. Wiki za mwanzo za chuo zinataka nauli, chumba na chakula kabla fedha yoyote haijaingia. Na mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri, kama unavyoota kuwa, hudaiwa angalau shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Mwenye vitalu vya miche anatakiwa ajue hiyo laki itatoka wapi miezi ambayo hakuna anayepanda. Sikutishi. Hiyo ni hesabu ya kufanya kwa kalamu, leo, kabla ya Morogoro na kabla ya Mtwara pia, maana hata kule ada ya mjomba ikikwama utaishia kwenye mkopo uleule.

Umeniomba nikusaidie, na najua ungependa nikutajie chuo. Siwezi, kwa sababu wadogo zako siwajui na bonde lako sijalikanyaga. Ninachokuomba ni kwamba mazungumzo na mjomba yatangulie uthibitisho, hata kama umebakiwa na siku chache. Kama dirisha litafungwa kabla hamjazungumza, piga simu vyuo vyote viwili uulize utaratibu wao wa kuahirisha masomo, wakueleze kwa maandishi. Na ile namba ya siri ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye simu yako, usimpe mjomba akuingizie, wala rafiki yako, wala karani wa steshenari. Siku ukishaamua, iingize kwa mkono wako, halafu umpigie mjomba wewe mwenyewe siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.